Kwanza Hufundishwa Kuanguka

Uswisi, 12 Novemba 1955

Kwa kaka yangu mpenzi, Uweso bin Idarusi, Pangani.

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute wima, na shangazi Sabiha ikamkute bado ana nguvu za kuwatukana kuku wa jirani, na mwanangu Mboni anakula. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeuamsha ubavu alionivunja Jumbe alipokuwa mume wangu. Nilidhani umeunga. Kumbe ulikuwa umelala tu.

Maulidi yalinipita humu nyumbani kwa mama yake Bwana. Nilijisomea peke yangu chumbani, sauti ya chini, na watoto wake ninaowalea wakanisikiliza mlangoni. Naandika kwa herufi zetu za chuo cha Kurani. Humu hamna azijuaye. Bibi Elizabeti, mke wa Bwana, akiniona huuliza kama nachora darizi.

Baada ya salamu, nikuarifu habari ya safari. Mwezi ujao tunapanda milimani, kwenye ile barafu laini waiitayo theluji. Wanavaa mbao ndefu miguuni, ncha zimepinda juu kama kiatu cha ngozi kilichonyeshewa, wanateremka mlima kwa kuteleza. Ni starehe, kaka, usicheke. Noa na Lea hawajaiona theluji tangu kuzaliwa. Wamezaliwa shambani, kwenye mkonge, wanasema Kiswahili kuliko lugha ya wazazi wao. Bibi Elizabeti naye hajui kuteleza. Kwao ni nchi ya tambarare, kama Mwera.

Basi kila jioni anatandaza ramani mezani na kutafuta kijiji chenye kilima kidogo, kisicho na miti, chenye mwalimu wa watoto, ambako mtoto akichoka anaweza kurudi ndani kwa miguu yake akanywa maziwa ya moto. Ameambiwa mtoto wa umri wa Noa asifundishwe zaidi ya asubuhi moja, na mdogo kama Lea aachwe acheze tu. Bwana hataki. Wewe unamjua Bwana, manamba wa shamba wanamwita Kiboko, na si kwa sababu ya umbo. Alisema, “Baba yangu alinipandisha kileleni akanisukuma. Nikajua siku ile ile.”

Bibi akamjibu, “Ndiyo maana umekuwa hivi ulivyo.”

Bwana akarusha sahani. Ilipasukia ukutani. Ni sahani tu, usitie shaka.

Kaka, Jumbe asijue niko wapi. Akiuliza, sema niko Tanga mjini. Mbusu Mboni katikati ya kichwa, hapo ndipo apendapo.

Dada yako, Semeni.

*

Pangani, 6 Desemba 1955

Kwa dada yangu Semeni.

Marahaba. Barua imefika kwa Zainuddin dukani, naye akaitembeza mtaa mzima kabla ya kunipa, kwa sababu ya stempu. Sisi wazima. Mvua za vuli zimekuwa chache, mbata inakauka vizuri, Zainuddin anaichukua yote. Mboni ameng'oka jino la mbele akalitupa juu ya paa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Chuoni amefika juzuu ya Amma na anajivuna.

Nimesoma habari ya mbao. Nimemweleza shangazi, akasema Wazungu wamekosa kazi. Akauliza, wakishateremka, nani huwapandisha tena? Nijibu hilo.

Jumbe alipita hapa, akitokea kwao Mkwaja. Watu wa kivukoni walikwisha kumwambia kwamba umepanda meli, kwa hiyo sikuwa na la kuficha. Alisema mwanamke aliyekwenda nchi ya makafiri hana tena haki ya mtoto. Nikamkumbusha alivyoamua kadhi, kwamba Mboni akae kwetu. Tukazungumza kiume, akaondoka.

Nimempeleka Mboni ng'ambo ya mto, Mwera kwa shangazi, abadili hewa. Kule kuna maziwa.

Wewe tunza ubavu.

Kaka yako, Uweso bin Idarusi.

*

Uswisi, milimani, 3 Januari 1956

Kwa kaka Uweso.

Shikamoo. Nimepata barua yako. Mwambie shangazi kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya wa chuma, unakaa, vinakupandisha mpaka juu miguu ikibembea hewani. Watelezaji hupandishwa hivyo. Siku nilipopanda nilisoma Ayatul Kursi kwenda na kurudi.

Bibi Elizabeti alishinda kwanza. Tulikuja kijiji alichokichagua yeye. Mwalimu ni mama mmoja mnene mwenye mashavu mekundu, na wanafunzi wake wote ni watoto waanzaji. Unajua somo la kwanza ni nini? Kuanguka. Anawapanga kwenye uwanja tambarare, anawaambia waanguke ubavu, waanguke makalio, wacheke, kisha anawaonyesha kuinuka na mbao miguuni. Mpaka mtoto aache kuogopa chini, ndipo amruhusu kutazama mlima. Kisha huwafundisha kukutanisha ncha za mbao mbele na kutanua nyuma, ili wapunguze mwendo. Lea alijua kabla ya wote. Na mimi nilivishwa, kaka. Niliwaangusha Bibi na mbwa wa watu.

Noa ni mwoga. Mwili wake unakauka kama mti. Siku ya pili Bwana alikuja kutazama, akaona mwanawe anashika sketi ya mwalimu. Akamtoa kwenye mstari, akampiga usoni kwa mkono wenye glavu, mbele ya watoto wote. Mwalimu akapaza sauti. Bwana akamjibu kwa lugha yao, yule mama akatazama pembeni. Nimeyaona macho yale kwetu, kwa majirani, nilipokuwa natoka nje na kanga nimejifunika uso.

Juzi Bwana alimpandisha Noa mlima mkubwa. Nilikwenda nao. Yaliyotokea huko nitakwambia siku nyingine. Noa amelala, ana bandeji.

Kaka, Mboni hana shida ya hewa. Pangani ina hewa. Kwa nini yuko Mwera? Jumbe alisema nini hasa alipoondoka? Uniandikie upesi.

Semeni.

*

8 Februari 1956

Kwa dada Semeni.

Salamu. Sote tu hai. Usijali mwandiko, nilijikata mkono kwenye kufua nazi, natumia wa kushoto, na wa kushoto haukwenda chuo.

Barua zako niandikie kwa Zainuddin kama kawaida. Siku hizi sishindi nyumbani.

Mboni mzima. Shangazi alianguka akavunjika mkono, mganga ameufunga. Jumbe hatasumbua tena.

Mtoto wa Bwana ana nini? Na wewe je? Umeandika “yaliyotokea” ukakatisha. Mimi ndiye nikuombe usinifiche.

Uweso.

*

Nyumbani kwa wazazi wa Bibi Elizabeti, 27 Februari 1956

Kwa kaka Uweso bin Idarusi.

Shikamoo. Tumehama, ndiyo maana barua yako imezunguka. Tuko kwa baba yake Bibi, nchi ya tambarare, Bwana hayupo. Lea ana kikohozi. Noa ameanza kula mkate mwenyewe.

Unaniomba nisikufiche. Haya.

Tulipofika juu, Noa aliuona mteremko akakumbatia nguzo ya vile viti. Kule juu hakuna mwalimu, hakuna Bibi, watu hupita kama mishale na huwezi kumshika yeyote. Bwana alimwambia aachie. Hakuachia. Kuna fimbo mbili wanazoshika wakiteleza, za chuma. Bwana akachukua moja akaanza kumpiga vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama anayegonga misumari. Noa alikuwa anasema, “Basi, baba, basi.” Kwa Kiswahili, kaka. Vilipoachia vidole vyote akamshika mgongoni akamsukuma.

Mtoto alikwenda. Mbao moja ikachomoka, akabiringika, akagonga kisiki kilichokuwa kimefunikwa. Theluji ikaota doa jekundu, halafu doa likapanuka. Damu juu ya theluji inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Lakini ilikuwa nyingi. Bwana akateremka vizuri kabisa, kwa mbwembwe, akasimama kando yake, akavua mbao zake akamwinua kwa ukosi, akamwambia, “Tena.” Noa akatapika. Bwana akampiga fimbo ya paja, na ya mgongo, na mimi huku naja kwa makalio, nashuka naburuzwa, nguo zimenipanda kiunoni, sijali.

Nikaikuta ile mbao ya Noa iliyochomoka. Ina ukingo wa chuma pembeni. Nilimpiga nayo gotini kutoka nyuma. Nilisikia likilia, kama muwa unapovunjwa. Alianguka, akageuka kunitazama, na kaka, hakuniona mimi, aliona kitu kimekosea mpangilio, kama kiti kimemsemesha. Akataka kuinuka. Nikampiga tena, hapo hapo. Akapiga ukelele. Nikainua mara ya tatu, na safari hii nilikuwa nalenga kichwa. Wallahi nilikuwa nalenga kichwa. Sikuwa namwona Bwana tena, nilikuwa namwona Jumbe na kile chetezo chake cha shaba, cha kufukizia udi, kinashuka kwenye ubavu wangu.

Noa akasema, “Basi, yaya, basi.”

Maneno yale yale, na sauti ile ile. Nikaitupa mbao.

Watu wakakusanyika. Nilijua nimekwisha, nitafia gerezani kwenye baridi. Bibi Elizabeti alifika anahema, akamtazama mwanawe, akamtazama mumewe, akaitazama ile mbao iliyo na theluji na damu. Akawaambia watu wote, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai, “Mume wangu ameanguka akiteleza, na amemgonga mtoto.” Basi. Pale kila siku watu huvunjika miguu. Wakaleta machela, wakamfunga, wakamteremsha. Naye Bwana hajasema neno mpaka leo. Aseme nini? Kwamba yaya amemvunja goti? Haya imemzidi maumivu. Daktari amesema goti halitakunjika tena.

Noa alipasuka kichwa, akashonwa, na vidole viwili havijanyooka. Bibi amemwacha mumewe. Hatarudi shamba. Amenitafutia meli.

Sasa wewe. Anayefua nazi hushika nazi kwa mikono miwili na chuma kimesimama chini. Kikikukosea kinakuchoma kiganja. Hakikukati. Na shangazi Sabiha hajapata kuanguka tangu nimjue. Na barua yako ina tarehe tu, haina mahali ilipoandikiwa.

Niambie mwanangu yuko hai.

Semeni.

*

Pangani, 25 Machi 1956

Kwa dada yangu Semeni.

Mboni yu hai. Nimeanza na hilo. Hakuna jeraha mwilini mwake. Sasa vuta pumzi, usome.

Barua ile ya Februari niliiandika mahabusu, Tanga. Sikutaka uijue hiyo anwani.

Jumbe alipoondoka kwangu mwezi wa Desemba hatukuzungumza kiume. Alitema mate mlangoni akasema, “Nitamchukua mzima, au sote tumkose.” Ndiyo maana nikampeleka Mwera, na mimi nikahamia kule, nikawa nafua nazi uani kwa shangazi.

Jumbe alikuja asubuhi moja, jua limekwisha kupanda. Alikuja na panga, hakulificha. Shangazi alikuwa uani anapepeta. Alimsimamia njiani, kama unavyomjua, akamwambia, “Hapa hupiti.” Jumbe akampiga mkono kwa bapa la panga, mkono ukavunjika, akamsukuma kando. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Niliposikia ukelele nikazunguka, nikamkuta amekwisha vunja mlango yuko ndani, anapindua vitanda anaita, “Mboni! Mboni, ni baba!” Kwa sauti ya upole. Nikikumbuka upole ule nywele zinanisimama.

Mtoto alikuwa amepanda darini. Alikuwa anatuona kupitia fito.

Nilimvuta Jumbe nje kwa shati. Akageuka na panga. Nililidaka kwa mkono wa kulia, ndivyo mtu afanyavyo bila kufikiri, anadaka. Vidole vitatu vikaanguka uani. Kuku wakavikimbilia, dada. Shangazi, mkono wake mmoja umening'inia, aliwafukuza kuku kwanza.

Tukapigana. Hakuna cha kusimulia, tulipigana kama fisi, aliniuma sikio, nikamtia kidole jichoni. Panga likamtoka. Tukaviringana mpaka pale nilipokuwa nafua, tukainuka, na kifuo cha nazi kimesimama nyuma yake, chuma juu, nilikuwa nimekinoa siku ile.

Mbele ya hakimu nilisema tulisukumana akaanguka. Shangazi akaapa hivyo hivyo, na jirani mmoja. Hakimu akauona mkono wangu na mkono wa mwanamke mzee na mlango uliovunjwa, akasema hakuna kesi. Wiki iliyopita nikaachiwa.

Wewe ulinieleza ulikokuwa unalenga, na mimi nakueleza. Niliona kifuo kiko wapi kabla sijamsukuma. Nilimgeuza kidogo, ili apate katikati.

Alikaa muda. Aliomba maji, nikampa. Aliniuliza, “Yuko wapi?” Tulimpakia kwenye lori la nazi kumpeleka hospitali, alikufa kabla hatujafika kivukoni. Ndugu zake walikuja kutoka Mkwaja kumzika. Hawakunigusa. Mjomba wake aliuosha mwili akaona mikono ya marehemu inanuka damu isiyo yake.

Silali vizuri. Ila sijutii, na hilo ndilo linalonifanya nisilale.

Mboni nimemwambia baba yake amesafiri, kazini, Unguja. Kwenye purukushani ile aliziba uso, hakuona mwisho. Sikutaka kumvunja moyo, ni baba yake. Ametulia, anasaidia. Haendi chuoni kwa sasa. Jioni zote, likianza kuchwa, anakisukuma kinu cha shangazi kutoka jikoni mpaka mlangoni, kinu kile kizito, anakisukuma kwa mgongo. Nimemuuliza, anasema anapanga nyumba. Na kila siku ananiuliza lini baba atarudi. Namwambia bado kidogo. Ninamhurumia, amemkumbuka.

Njoo salama. Zainuddin atajua siku ya meli.

Kaka yako, Uweso.

*

Adeni, melini, 22 Aprili 1956

Kwa kaka yangu Uweso bin Idarusi, aliyemlinda mwanangu.

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ule mkono. Ramadhani imenikuta baharini. Nafunga, nafuturu tende za baharia mmoja wa Lamu. Barua yako niliipata siku ya kupanda meli. Nimeisoma hadharani na nimeisoma chooni. Hapa Adeni tunapakua mizigo siku kadhaa, barua hii itakwenda kwa ndege, itanitangulia.

Noa hakulia tulipoagana. Alinishika vidole, akavihesabu, akaniachia. Lea alilia kwa niaba yao wote.

Shangazi Sabiha nitamfulia na kumpikia mpaka mkono wake utakaponyooka, na ukishanyooka nitaendelea. Wewe sina cha kukupa. Usiku wa kwanza nitakaolala Pangani nitakaa nawe barazani, tusiseme kitu.

Kuhusu Jumbe, sitalia. Nilikuwa mkewe, nitamsomea Fatiha mara moja, kisha basi.

Lakini kaka, kuna jambo umekosea, na haliwezi kungoja meli. Umesema Mboni amemkumbuka baba yake. Umemwona akiuliza lini atarudi ukadhani ni mapenzi. Mimi pia nilikuwa nikiuliza hivyo, nilipokuwa mke. Kila Jumbe akisafiri nilikuwa nawauliza ndugu zake, “Atarudi lini?” na watu wakasema, tazama anavyompenda mumewe. Nilikuwa nataka kujua nina siku ngapi za kulala.

Wewe unamwambia “bado kidogo.” Kila siku, tangu utoke mahabusu, unamwambia yule mtu yu hai, yu Unguja, anakuja bado kidogo. Mtoto anasukuma kinu mlangoni ili asiingie, na wewe unamkalisha nyuma yake akimngoja.

Ukiipata barua hii, usiifunge kwanza, usikae dukani kwa Zainuddin. Panda kivuko, nenda Mwera. Mkalishe mchana, nje, penye watu. Usimwambie amepumzika, usimwambie Mungu amempenda zaidi. Mwambie: baba yako amekufa. Mimi ndiye niliyemuua. Alikuja na panga, nikamuua, akazikwa Mkwaja, hatarudi. Mwonyeshe mkono wako. Akitaka kuugusa, mwache auguse. Akikuchukia, akuchukie, wewe ni mjomba, utastahimili. Akilia, mwache alie mpaka amalize.

Halafu jioni ikiingia, kaa, mtazame. Hatasukuma kitu. Atalala.

Kinu ukirudishe jikoni mwenyewe.

Dada yako, Semeni binti Idarusi.